Papa Anayetembea Maji Yakitoka

 

Aliyekulia pwani anaujua usiku wa bamvua. Mwezi mpevu uko juu, maji yametoka mpaka kule yanakovunjikia mawimbi, na mwamba mzima umebaki wazi. Kila shimo limebaki na dimbwi lake, na kila dimbwi limebaki na wale waliochelewa kuondoka: kaa, kamba wadogo, vijisamaki vya rangirangi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikichutama ukingoni mwa dimbwi kama hilo, taa mkononi, nikivitazama vijisamaki vile vilivyotulia tuli, nikiamini vimelala kwa raha. Dimbwi ni lao peke yao, nilijiambia, na papa hawezi kufika hapa.

Miaka mingi ilipita ndipo nikajifunza mambo mawili. La kwanza, vijisamaki vile havikuwa na raha hata kidogo. Vilikuwa vinaishiwa na pumzi. La pili, yuko papa anayefika. Anafika akitembea.

Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo. Makao yake si huku kwetu. Yuko kaskazini na mashariki mwa Australia, kwenye ule mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilomita 2,300 hivi uitwao Great Barrier Reef, na kusini mwa Papua. Jina lake la kisayansi ni Hemiscyllium ocellatum. Waingereza wamempa jina la lile pambo la begani la maafisa wa jeshi, kwa sababu nyuma kidogo ya kichwa, juu ya kila pezi la mbele, ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa duara jeupe. Sisi kwa mazungumzo haya tumwite papa-tepe, kwani askari wetu nao cheo chao hukibeba kwa tepe.

Ukitaja papa, mmoja huona meno na damu, mwingine hukumbuka papa mkavu aliyepikwa kwa nazi. Huyu hafanani na picha ya yule wa kwanza. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita 70 hadi 90 hivi, na wachache hupita mita moja kidogo. Ni mwembamba, na mkia peke yake ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Rangi yake ni ya mchanga mkavu, na ametapakaa madoa ya kahawia toka puani hadi mkiani. Pua ni butu, mdomo ni mdogo na uko chini, na pembeni mwa pua ana vijisharubu viwili vifupi vya kupapasia. Akilala juu ya matumbawe, unaweza kumkanyaga kabla hujamwona. Lile doa la begani, wataalamu wanadhani, linamlinda: adui akiliona hudhani ni jicho la mnyama mkubwa, akasita.

Sasa mtazameni anavyohama dimbwi moja kwenda jingine. Kwanza kichwa kinapanda ukingoni. Pezi la mbele la kushoto linakwenda mbele na kukanyaga, na wakati huohuo pezi la nyuma la kulia linasukuma. Mwili unapinda upande mmoja. Kisha zamu inabadilika, kulia mbele na kushoto nyuma, na mwili unapinda upande wa pili. Ni mwendo wa mjusi. Tumbo linakwaruza jiwe, mgongo uliolowa unang'aa kwa mbalamwezi, na baada ya hatua kadhaa kichwa kinazama katika dimbwi la pili, na mkia unafuata polepole. Hana haraka.

Mapezi yake yameumbwa kwa kazi hiyo. Ni mapana, yamenenepa kwa misuli pale yanapoungana na mwili. Papa hana mfupa, ana gegedu, na gegedu za ndani ya mapezi haya zimeachana kiasi cha kuyawezesha kugeuka na kukanyaga. Ziko aina tisa hivi za papa watembeao, na zote zinaishi kati ya kaskazini ya Australia, Papua na visiwa vya mashariki mwa Indonesia. Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba jamii hii ilitokea ndani ya miaka milioni tisa iliyopita. Ukoo wa papa kwa jumla una zaidi ya miaka milioni 400, kwa hiyo hawa ni watoto wa juzi katika ukoo mkongwe. Wana binamu zao, papa wembamba wa chini wenye mikia mirefu vilevile, waliofika mpaka Ghuba ya Uajemi. Msikilizaji uliyeko huko Ghuba, pengine umeshamwona mmoja nyavuni bila kujua kwamba ana ndugu wanaotembea.

Mtu atauliza: kwa nini ajitaabishe hivyo? Kwa sababu maji yakitoka, mwamba ni wake. Papa wakubwa na samaki wakubwa wanaoweza kumla hawana kina cha kuogelea, na riziki imekwama kwenye madimbwi ikimsubiri. Uchunguzi wa vyakula vyao uliofanywa kwenye kisiwa cha Heron, kusini mwa mwamba ule, na kutolewa mwaka 1998, ulikuta kwamba zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya chakula chao ni minyoo ya baharini na kaa. Watoto hula zaidi minyoo. Wakikua huzidisha kaa. Huchimbua mchanga kwa pua, huvuta kinywani kilichomo, na mchanga hutokea mashavuni. Meno yake ni madogo, na yanaweza kulala bapa yakasaga gamba la kaa. Kaa aliyejificha asitumaini giza, maana papa huhisi hata umeme hafifu unaotoka kwenye mwili wa kiumbe aliyefukiwa mchangani.

Lakini mwamba huo anaoumiliki usiku una adhabu yake, na hapo ndipo habari ya papa-tepe inapokuwa habari kubwa.

Samaki hupata oksijeni iliyoyeyuka majini kwa kupitisha maji mashavuni. Mchana dimbwi la mwambani lina oksijeni tele, kwani majani ya bahari na vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe huitengeneza kwa nguvu ya jua. Jua likizama, kiwanda kinafungwa na wateja wamebaki palepale. Matumbawe yanavuta, majani yenyewe yanavuta, kaa anavuta, samaki anavuta. Maji yakiwa yametoka na dimbwi limekatika na bahari, hakuna kinachoingia. Huko Heron imepimwa ikaonekana kwamba oksijeni ya usiku hushuka chini ya theluthi moja ya kiwango cha kawaida. Papa wengi wa bahari kuu lazima waogelee usiku na mchana ili maji yapite mashavuni mwao. Ukiwaweka hapo hawaoni asubuhi. Papa-tepe hulala chini akasukuma maji kwa misuli ya kinywa, akaendelea na shughuli zake.

Anaweza kustahimili kiasi gani? Mwaka 1998 watafiti wa Australia walitoa majibu. Waliwaweka papa hawa katika maji yaliyobakiwa na sehemu 5 tu katika kila sehemu 100 za oksijeni ya kawaida. Walikaa humo saa tatu na nusu, wakatoka salama. Baadaye walijaribiwa katika maji yasiyo na oksijeni kabisa, wakahimili kiasi cha saa moja. Tukumbuke kwamba ubongo wa binadamu ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano huanza kufa. Wapo wanyama wengine wenye uwezo kama huu, wakiwemo samaki wa maziwa ya Ulaya yanayofunikwa na barafu, lakini hao husaidiwa na baridi, kwani baridi hupunguza mahitaji ya mwili. Papa-tepe hufanya hivyo katika maji ya joto, ambamo mwili hula nishati upesi.

Siri yake anaielewa kila mtu anayeishi kwa betri ya sola. Mvua imenyesha siku tatu, jua halikuonekana, betri imebaki nusu. Yuko mwenye nyumba atakayeacha friji, televisheni na taa zote zikiwaka, mpaka saa saba usiku nyumba nzima inaingia gizani. Na yuko atakayezima friji tangu magharibi, akazima televisheni, akabakisha balbu moja kwenye ujia wa chumba cha watoto. Wa pili atafika asubuhi akiwa na mwanga.

Papa-tepe ni huyo wa pili. Oksijeni inaposhuka, mapigo ya moyo wake hupungua na msukumo wa damu huanguka kufikia karibu nusu. Wakati huohuo mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hutanuka, ili ubongo uendelee kupata fungu lake. Ile ndiyo balbu ya ujiani. Nao ubongo hupunguza matumizi yake wenyewe. Jambo la kuzingatia ni wakati: anazima akiba ikiwa bado ipo.

Nani humwambia azime? Gillian Renshaw wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, na Göran Nilsson wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walilifuatilia swali hilo pamoja na wenzao. Walikuta kemikali iitwayo adenosini. Seli zinapotumia nishati, adenosini hubaki kama majivu ya kuni zilizoungua, na majivu yakizidi mwili unajua kwamba kuni zinakwisha. Katika ubongo wa papa-tepe aliyekosa oksijeni, adenosini ilipanda sana na akiba ya nishati ikabaki salama. Watafiti walipoizuia adenosini isifanye kazi yake, akiba ile ilianguka. Kemikali hiyo tunayo nasi. Ndiyo inayotulegeza macho usiku, na kahawa hutuamsha kwa kuizuia. Tofauti ni kwamba papa-tepe akisikia ishara ile huitii mara moja, mwili mzima.

Kuna jambo jingine, na wavuvi wetu watalifurahia kwa sababu wanajua hesabu za maji. Bamvua haiji kwa ghafla. Kutoka maji mafu, kila siku maji hutoka zaidi kidogo kuliko jana. Kwa papa-tepe maana yake ni kwamba usiku wa kwanza anabanwa kidogo, wa pili zaidi, wa tatu zaidi, mpaka bamvua yenyewe. Renshaw na Nilsson wameeleza kwamba kubanwa huko kidogo kidogo ndiko kunakomwandaa kwa kubanwa kukubwa. Maabara ilithibitisha: papa waliozoeshwa kwa vipindi vifupi vya upungufu waliweza kupunguza matumizi ya oksijeni kuliko wale ambao hawakuzoeshwa. Bahari inamfundisha kwa ratiba ya mwezi.

Wasikilizaji, tutulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye neno langu la leo. Uvumilivu wa papa huyu umejengwa juu ya ahadi. Anazima mwili kwa kuwa maji yatarudi. Hajui kwa akili, bali mwili wake unajua: tangu babu zake walipoanza kupanda mwambani, hakuna usiku hata mmoja ambao maji yalitoka yasirudi. Saa nne, saa tano, saa sita, kisha wimbi la kwanza linaingia dimbwini na oksijeni mpya. Maji hupwa, maji hujaa. Nguvu yake yote ni nguvu ya kungoja kitu ambacho lazima kije.

Sasa tumtazame anavyozaa, tuone anakutana na nini kisicho na ahadi hiyo.

Jike huweka mayai mawili kwa wakati mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, kuanzia Agosti mpaka karibu Januari. Hata hapo anabana matumizi: watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Queensland, walipopima oksijeni inayotumiwa na majike katika mzunguko mzima wa kuunda na kuweka mayai, hawakuona ongezeko. Kila yai limo ndani ya ganda la kahawia, gumu kama ukucha, refu kiasi cha sentimita 10. Mama huliacha mwambani akaenda zake. Hatamii, halindi.

Ukiliinua ganda hilo mbele ya taa, unaona mpaka ndani. Kiini kinaonekana kama mpira mdogo wa dhahabu. Juu yake kimelala kijipapa chembamba, kimefungwa kwenye kiini kwa kitovu, na mkia wake unapunga bila kukoma. Mkia ule ni pampu. Ganda lina nyufa ndogo, na mkia unavuta maji mapya ndani na kuyatoa machafu. Kwa binamu yake mmoja wa ukoo uleule, watafiti wa Magharibi mwa Australia walionyesha mwaka 2013 kwamba kijipapa kilichomo yaini kikihisi umeme wa adui aliyekaribia, husimamisha mkia na kuzuia pumzi mpaka hatari ipite. Bado hajazaliwa, tayari amejifunza kunyamaza.

Miezi minne hupita hivyo, siku 120 hadi 130. Kisha ganda linapasuka, na mtoto wa sentimita 15 hivi anatoka na milia myeusi na myeupe, akiwa na akiba kidogo ya kiini tumboni ya kumvusha siku za mwanzo. Itamchukua miaka saba au zaidi mpaka naye azae.

Mwaka 2021 Carolyn Wheeler, Jodie Rummer na wenzao walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye hifadhi ya samaki ya New England, jijini Boston nchini Marekani. Waliatamisha mayai ya papa-tepe katika maji ya nyuzi 27, ambalo ni joto la kawaida la kiangazi kwenye mwamba, na katika nyuzi 29 na 31. Vijipapa vyote vilianguliwa. Lakini katika nyuzi 31 mkia ulipunga kwa kasi zaidi, kiini kililiwa upesi, na siku 125 zikawa 100. Watoto walitoka wadogo, wamechoka, na akiba ya kiini imekwisha. Ilibidi watafute chakula karibu mara tu baada ya kuanguliwa, nguvu yenyewe hawana.

Nyuzi nne tu. Papa aliyekaa saa tatu na nusu karibu bila oksijeni, nyuzi nne zinamtoa mtoto wake duniani amechoka. Kwa nini? Kwa sababu joto la bahari halina kupwa na kujaa. Haliji usiku likaondoka alfajiri. Hana ishara ya kuzima, hana wimbi la kulingoja. Ule ufundi wake wote ni wa shida yenye mwisho, na hii inapanda mwaka hadi mwaka.

Mwamba wake wenyewe unaungua. Matumbawe yakizidiwa na joto huvitoa vile vijimea vinavyoyalisha, yakabaki meupe kama mifupa, na joto lisipopungua hufa. Great Barrier Reef ilipauka kwa eneo kubwa mwaka 2016, ikarudia 2017, 2020, 2022 na 2024. Huku kwetu tunalikumbuka joto la mwaka 1998, lililopausha matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa katika miamba mingi. Mwaka huohuo ulipausha na mwamba wa Australia. Bahari ni moja, na ugonjwa wake ni mmoja.

Papa-tepe kwa leo bado ni wengi. Hayumo kati ya aina zilizo karibu kutoweka, na ingawa baadhi ya ndugu zake wa Papua wako katika hali ngumu zaidi, sikuja kuwaletea msiba. Nimekuja kusema kwamba tunapowaona viumbe wavumilivu, haraka tunasema, huyu atajimudu, ameshapita mengi. Tunawasemea hivyo samaki, tunausemea hivyo mwamba, tunawasemea hivyo hata watu. Papa-tepe anatufundisha kuuliza kwanza: amevumilia shida ya namna gani? Ile iliyokuwa na asubuhi yake? Aliyezoea kungoja maji yarudi, tusimwambie angoje kitu kisicho na zamu ya kurudi. Hapo anahitaji mkono wa mwingine, na kwa joto la bahari, mkono huo ni wetu sisi wachoma mafuta na wakata misitu, kila nchi kwa kiasi chake.

Na mwambani kwetu kuna dogo lililo ndani ya uwezo wetu usiku huuhuu. Bamvua ijayo, ukishuka na ndoo na taa yako kutafuta pweza, utainua mawe. Ukimaliza kutazama, lirudishe jiwe lilivyokuwa, upande ule ule. Chini yake kunaweza kuwa na mayai ya kiumbe usiyemjua, mama yake ameshaondoka, na yeye anapunga mkia gizani akiwa na hakika kwamba maji yatarudi. Maji yatarudi kweli. Tusiwe sisi tuliomwacha juani kabla hayajafika.